Nargis wa Bububu

Wako watu katika fasihi ya Unguja ambao majina yao hayamo katika orodha ya mabingwa wake, kwa kuwa hawakuwa Waswahili wala hawakusema Kiswahili. Nargis ni mmoja wao. Raj Kapoor ni wa pili. Na kwa watu wa rika langu, Amitabh Bachchan ni wa tatu. Nathubutu kuwaita watu wa fasihi yetu, na makala haya yamekusudiwa kueleza kwa nini.

Najua neno hili halitapokewa na wote. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili, katika chuo ambacho sina haja ya kukitaja, alitaka kuandika tasnifu juu ya namna wazee wanavyosimulia picha za Kihindi walizozitazama ujanani. Akajibiwa kwamba picha si fasihi, na kwamba picha ya Kihindi ni mali ya Wahindi. Akageuzwa njia, akaandika juu ya methali. Methali zina heshima yake, lakini hazikuwa na haraka; wazee aliotaka kuwauliza walikuwa nayo, na wengi wao hawapo tena.

Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures kilichotoka mwaka 2018, ameandika kwa urefu habari za majumba ya senema ya Tanzania, wenye majumba hayo na watazamaji wao, na atakaye kujua Awara ilipendwa namna gani hapa Unguja atayapata kwake. Nimefaidika naye sana. Lakini mwanahistoria humfuata mtazamaji mpaka mlangoni mwa jumba. Swali la mtu wa fasihi huanzia hapo mlangoni: ile hadithi ilipotoka Vuga ikapanda gari kwenda shamba, iligeuka kuwa kitu gani?

Majumba yenyewe hayahitaji maneno mengi. Royal lilifunguliwa Vuga mwaka 1921. Likaungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata Majestic likasimama mahali pake. Empire na Sultana nayo yalikuwa na wateja wao. Zilioneshwa picha za Kiingereza na za Kimarekani, picha za Kimisri ambazo wapenzi wa taarabu walizifuata kwa ajili ya sauti ya Umm Kulthum na ya Farid al-Atrash, na picha za Kihindi zilizozishinda zote kwa kupendwa. Wanawake waliwekewa maonyesho yao, wasiingie wanaume. Walio wengi hawakujua Kihindi, ila maneno ya mapenzi na ya matusi, ambayo mtu hujifunza upesi katika kila lugha. Palipo na kiti cha pili palikuwa na jirani ajuaye kidogo, naye alinong'ona; ajuaye kidogo zaidi yake alimsahihisha; na baina ya minong'ono hiyo miwili ikazaliwa hadithi ya tatu.

Bububu ni kijiji cha pwani, kaskazini ya mji, mwendo wa maili sita au saba. Reli iliyofunguliwa mwaka 1905 kukiunganisha na mji ilikwisha kufa zamani kabla ya Awara, na katika miaka ya 1950 si kila mwanamke wa Bububu aliyekuwa na nauli, ruhusa na njia ya kurudi kwake jioni. Alikwenda mmoja, wakangoja kumi. Aliyekwenda alijua kwamba amebeba amana. Shangazi yangu, aliyekuwa mmoja wa hao waendao, aliniambia, "Mwanangu, hukuwa ukilala pichani, maana kesho utaulizwa." Alisimulia uani, mikono ikisuka ukili, na picha ya saa tatu ilichukua usiku mitatu. Mimi nilimsikia katika uzee wake, yeye na majirani zake wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Niliitazama Awara yenyewe baadaye, nikiwa mtu mzima, ikiwa na maneno ya Kiingereza chini ya picha. Na ndipo nilipojua kwamba nilichosikia uani kilikuwa tungo nyingine.

Kwanza, majina. Katika Awara, picha ya mwaka 1951 aliyoiongoza Raj Kapoor mwenyewe kwa hadithi ya Khwaja Ahmad Abbas, kijana mwizi huitwa Raju, na msichana mwanasheria amtetaye huitwa Rita. Majina haya hayakufika Bububu. Uani husemwa, "Nargis akasimama mbele ya hakimu," na, "Raj Kapoor akaiba tena." Mtu anaweza kudhani huu ni usahaulifu tu. Sikubali, kwa sababu majina ya wachezaji wadogo ni magumu zaidi kuliko Rita na Raju, nayo yamehifadhiwa. Wasimulizi hawa walichagua. Waliona kwamba jina la mhusika hufa picha inapokwisha, na jina la mchezaji huendelea mpaka picha ijayo. Na walihitaji mtu wa kuendelea naye. Matokeo yake nitayaeleza mbele, maana ndiyo kiini cha hoja yangu.

Pili, mpango. Awara huanza barazani mwa hukumu: Raju kashitakiwa kwa kutaka kumuua Hakimu Raghunath, Rita anamhoji hakimu, na kisa cha nyuma hufunuliwa kidogo kidogo. Ni mpango mzuri kwa senema. Wasimulizi wote watatu waliuvunja. Walianza na hakimu na mkewe wakiwa vijana, wakapandisha kisa hatua kwa hatua mpaka barazani, kama hadithi zetu zinavyopandishwa, kwa kuwa msikilizaji wa uani haoni uso wa mtu, na asiyeona uso hawezi kuvumilia kutojua huyu ni nani. Hakimu mwenyewe akaitwa kadhi. Shangazi aliponieleza kwamba "kadhi wa Bombay alikuwa mtu wa haki ila moyo wake ulikuwa na kutu", nilielewa mhusika huyo vizuri kuliko nilivyomwelewa baadaye kwa macho, ingawa Prithviraj Kapoor, baba yake Raj hasa, alimcheza kwa ubora mkubwa.

Tatu, yaliyoachwa. Katika picha kuna tukio ufukoni ambapo Rita, kwa mzaha, anamwita Raju mshenzi, naye anampiga kofi, na baada ya kofi msichana anazidi kumpenda. Wanaume wa Bububu wanalijua tukio hilo na hulisimulia. Katika masimulizi ya wanawake watatu niliowasikia halimo. Nilimuuliza shangazi kama alilisahau. Akanitazama akasema, "Lile lilikuwa la Raj Kapoor, halikuwa la Nargis." Sijapata kusoma hukumu iliyo fupi na kali kuliko hiyo juu ya tukio lile. Kofi lile ni doa la picha nzima. Mwandishi kalitia kwa kumstaajabia shujaa wake, na mwanamke asiyesoma shule akaliona na kulifuta.

Nne, yaliyoongezwa. Kisa cha Awara kimejengwa juu ya nasaba. Hakimu anaamini kwamba mwana wa mwizi atakuwa mwizi, na mwana wa mwema atakuwa mwema. Kwa imani hiyo alimhukumu mtu aitwaye Jagga; naye Jagga, kwa kulipiza, akamteka mke wa hakimu, akamrudisha baada ya siku chache. Mke ana mimba. Hakimu anamshuku, anamtoa nje usiku wa mvua, na mtoto anazaliwa njiani. Shangazi alipofika hapa aliwaleta wapita njia, wakauliza, "Mtoto wa nani huyu?" Mama akajibu, "Ni wa aliyemuumba." Swali hilo na jawabu hilo sikuyaona katika picha. Ni ya Bububu.

Msomaji ajuaye habari za Unguja hatashangaa. Utumwa ulifutwa hapa kwa sheria mwaka 1897, na katika miaka ya 1950 walikuwapo bado wazee waliozaliwa utumwani, na wengine waliozaliwa katika nyumba za mabwana. Swali la "mtoto wa nani" liliamua posa, heshima na mahali pa kukaa arusini. Halafu likaja tena katika siasa, tangu uchaguzi wa mwaka 1957 hata Mapinduzi ya Januari 1964, na watu wakaulizwa asili zao na waliokuwa jirani zao jana. Sisemi kwamba picha ya Kihindi ilileta neno lolote katika mambo hayo. Hiyo ingekuwa hoja ya mtoto. Nasema kwamba uani pa Bububu palikuwa na wanawake ambao hawakuweza kulizungumza jambo hili kwa majina ya majirani zao bila ya kuvunja ujirani, na wakalizungumza kwa majina ya Nargis na Raj Kapoor, usiku mitatu mfululizo, mpaka mwisho wake. Hiyo ndiyo kazi ya ngano katika kila taifa.

Nirudi kwenye majina. Mwaka 1957 ikatoka Mother India ya Mehboob Khan, na Nargis humo ni mke wa mkulima. Mume anapoteza mikono yake, anaondoka. Mkopeshaji anaila mavuno ya nyumba ile mwaka hata mwaka. Mama anavuta plau mwenyewe na kulea wana wawili. Mwana mmoja, Birju, anageuka jambazi, na alipomteka binti wa mkopeshaji, mama anainua bunduki, anampiga mwanawe mwenyewe.

Kwa mtazamaji wa Bombay hizi ni picha mbili zisizohusiana. Kwa wasimulizi wangu ni usiku wa nne na wa tano wa hadithi ileile. Kwa kuwa mhusika hakuwa na jina jingine, Nargis aliyemtetea mwizi mjini ndiye huyo huyo aliyeolewa akapelekwa shamba. Maneno yalikuwa hayo, "akapelekwa shamba", na kila asikiaye Unguja ajua uzito wake, maana mji na shamba kwetu ni pande mbili za dunia. Kwa namna hii wasimulizi walitunga maisha ya mwanamke mmoja, tangu usichana mpaka mvi, ambayo hayamo katika picha yoyote: mjini alimwokoa mwana wa watu mbele ya sheria, na shamba akamuua mwana wa tumbo lake kwa ajili ya sheria. Mwandishi wa riwaya angejivunia kupata mpango huo. Nimesoma riwaya za Kiswahili zenye sifa kubwa ambazo mwanamke wake mkuu hana nusu ya uzito wa Nargis huyu.

Na mkopeshaji naye hakupita bure. Wenye mashamba ya karafuu wa Unguja na Pemba walikuwa na madeni ya miaka mingi kwa wafanyabiashara, hata serikali ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi isiwatoke. Aghalabu mdai alikuwa Mhindi na mdaiwa si Mhindi, na chuki iliyozaliwa hapo ilikuwa ndefu. Halafu inakuja picha ambayo mdai ni Mhindi na mdaiwa ni Mhindi, mwanamke wa shamba asiye na viatu. Mmoja wa wale majirani wawili aliniambia kwamba alitoka Majestic na kumtazama mwenye duka kwa jicho jingine, "nikajua kwao nako kuna wenye njaa". Hilo ni jambo dogo. Silikuzi. Lakini vitabu vya shule vya wakati ule havikumfunza hilo.

Habari ya kwamba Nargis aliolewa mwaka 1958 na Sunil Dutt, yule aliyecheza kama mwanawe Birju, haikumpendeza shangazi hata kidogo. Alinitaka nisiiandike.

Raj Kapoor, kwa upande wake, katika uani huu ni mtu mdogo kuliko sifa zake. Anakumbukwa kwa nyimbo, ambazo aliyeziimba ni Mukesh, na kwa suruali fupi na kofia alizozipata kwa Chaplin. Wanaume ndio waliomtukuza. Anaimbwa, hasimuliwi, na aimbwaye hakumbukwi kwa matendo yake.

Sasa niseme ya rika langu, nami sitakuwa na upole. Sisi wa miaka ya 1980 na 1990 tulimpata Amitabh Bachchan katika kanda za video, sebuleni kwa mtu mwenye deki, watoto wakiwa sakafuni. Tulimpenda kwa Deewaar, ya mwaka 1975, ambamo ni mchukuzi wa bandarini mwenye kibati namba 786. Kwa Mwislamu wa Unguja namba hiyo haikuhitaji mfasiri: ni hesabu ya Bismillahi, na kibati hicho kinamkinga na risasi, mpaka siku kinapomponyoka akipigwa na ndugu yake mwenyewe. Ndugu huyo ni Shashi Kapoor, yule mtoto aliyecheza utoto wa Raju katika Awara. Watu wazima waliokaa nyuma yetu walimtambua, sisi hatukujua. Na mji huu ulikuwa na kumbukumbu ya wachukuzi wake, ambao mgomo wao wa mwaka 1948 ulisimamisha kazi mjini kote. Kitambaa cha hadithi kubwa kilikuwa mikononi mwetu.

Tulikifanyia nini? Tuliiga. Tulikaa kitini kama yeye alivyokaa ghalani akiwangoja adui zake, mguu juu ya meza, tukatupa funguo. Tulisema maneno yake kwa Kihindi tusichokijua. Hakuna mmoja wetu aliyemsimulia mwenziwe Deewaar kwa usiku mitatu, wala aliyemtia mchukuzi wa Malindi ndani yake. Sababu haikuwa upungufu wa akili. Kanda ya video huweza kurudishwa nyuma. Aliyekosa jana hutazama leo. Haina haja ya mjumbe, na hadithi isiyohitaji mjumbe haipati msimulizi. Wazee wetu walitunga kwa sababu picha iliwaponyoka. Nadhani hapa ndipo sanaa ile ilipokatika, zaidi kuliko kwa kufungwa kwa majumba, ambako wengi hukulaumu.

Sanaa yenyewe haikufa kila mahali. Dar es Salaam, Derek Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, alizichukua kanda za kigeni akazisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya wachezaji, akiongeza, akipunguza na kuwapa watu majina ya mitaani. Na Uganda wako wafanyao hivyo kwa Kiganda. Wasomi wa Ulaya wamekwisha kumwandika Lufufu. Sisi tunaofundisha Kiswahili bado tunajiuliza kama inafaa.

Wako wanaosema kwamba picha za Kihindi zilituharibu, na shahidi wao ni taarabu iliyochukua sauti za nyimbo za picha. Ni kweli zilichukuliwa, na nyingine bila ya haya. Walakini sauti ilikuja tupu; shairi lilitungwa hapa, kwa vina na mizani ya hapa, na likatumika katika magomvi ya hapa. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, akarudi na Kiswahili chake kama alivyoondoka nacho. Sioni ajabu bahari iliyoleta ubani na mchele ikileta na sauti.

Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya senema riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kwa Kiswahili, katika mji wetu wenyewe, na Ikhlas Gafur Vora akicheza Yasmin. Nilipoitazama pamoja na jamaa zangu nilisikiliza kwa makini wazee wangemwita nani yule binti. Walimwita Yasmin. Kwa mara ya kwanza mhusika alimmeza mchezaji. Nami nadhani ni kwa sababu walielewa kila neno, basi hapakubaki nafasi ya kunong'ona. Ni picha nzuri. Kesho yake hakuna aliyeisimulia.

Shangazi yangu hakupata kuusema mlio wa ile bunduki ya Mother India. Alifika mahali ambapo Nargis anainua silaha, akasema, "Basi mnajua," akafunga mkeka wake. Wale majirani wawili walikwenda mpaka mwisho, mpaka damu. Tofauti hiyo nimeiandika, kama nilivyoandika nyinginezo, katika daftari ambalo natumaini litakuwa kitabu. Linapungukiwa na picha za Kimisri, ambazo mimi, kwa Kiarabu changu cha chuoni, siwezi kuzipima. Linapungukiwa na Pemba yote. Na linapungukiwa na wanaume, ambao husimulia barazani na huacha kila afikapo mtu wa daftari. Msomaji aliye na mzazi aliyetazama picha katika Royal, Empire, Sultana au Majestic, namwomba amkalishe jioni, amwulize Nargis alifanya nini, na asimkatize kwa kumwambia jina lake lilikuwa Rita.